Shahidi wa Pili wa Taa ya Mwezini

Kama kuna kitu kilichokuwa kimemfika Mwalimu Ambrose hapa kooni, ni watu wa Ndandalo na ndiyo zao.

Aliiona taa mwezini. Si masihara. Aliiona mwezi uliopita jioni tatu, na Jumapili hii akaiona tena. Mwezi ulikuwa mchanga, jua limetoka kuzama, naye ameinamia darubini yake uani. Katika ile sehemu yenye giza, ambako hapatakiwi kuwa na kitu, palikuwa na nukta nyekundu inayofifia na kurudi. Akafuta vioo. Akavizungusha. Nukta haikuondoka. Mtu aliyefundisha fizikia miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu atashindwaje kutofautisha vumbi na taa, jamani?

Akaandika kwenye kundi la WhatsApp la watazamaji wa mwezi. Katibu wao, kijana wa Arusha aitwaye Marcel, akajibu kwa adabu ya kuudhi: "Shikamoo Mwalimu. Hongera sana. Tunaomba shahidi wa pili, ambaye hujamwambia umeona nini wala wapi. Na samahani, macho yako ni mazima?"

Macho yako ni mazima! Hapo ndipo alipomtonesha. Maana mwanawe Lugano, kabla ya kuvuka mto Songwe kupeleka mchele Karonga, Malawi, alikuwa amemwandikisha kwa madaktari wa macho watakaofika Ipinda Alhamisi. Mwalimu aliapa hakanyagi. Jicho la kushoto liliharibika tangu utotoni. Limebaki hili moja la kulia, na hakuna daktari atakayeligusa wakati linaona mpaka taa za mwezini. Taa ikiwa ya kweli, jicho ni zima. Na kama si ya kweli? Hilo hakutaka hata kuliwaza.

Basi Jumatatu jioni akamwita Hebroni, jirani yake mwenye shamba la kakao.

"Tazama. Sikwambii kitu. Wewe sema unachoona."

Hebroni akainama, akafumba jicho moja, akaguna. "Aisee, Mwalimu! Naiona!"

"Unaona nini?"

"Hiyohiyo unayoiona wewe."

"Mimi naona nini, Hebroni?"

"Aa, Mwalimu, msomi ni wewe bwana."

Mwalimu akanyoosha mkono, akabandua kifuniko cheusi kilichokuwa bado kimeziba mdomo wa darubini. Hebroni akakitazama kile kifuniko, wala hakuona haya.

"Basi sasa nitaiona vizuri zaidi," akasema.

Jumanne alikuja mtendaji wa kijiji. Huyo aliona taa mbili, na alipoona Mwalimu amekunja uso akaongeza ya tatu. Tusekile, mkewe mwenyewe wa miaka arobaini, aliweka jicho sekunde moja, akasema ndiyo ameona, halafu akauliza kama chai aitie tangawizi. Hivi hii ni heshima gani, ya kumdanganya mtu mzima mchana kweupe? Wote walimpenda, hilo alilijua, na wote walikuwa wanamlisha uji kama mgonjwa.

Akaondoka pale kwa hasira, akaelekea ndani kwa njia ya jikoni. Huko nako balaa jingine lilimngoja. Jikoni ni kwa Dainess, mke wa Lugano, na kwa mila ya Kinyakyusa mkwe wa kike hakabiliani na baba mkwe. Hasemi naye, hamtazami usoni, na mzee anapopita sharti akohoe kwanza ili binti apate kujitenga. Nyumba nyingi zimeshaacha mambo hayo, lakini Tusekile hakutaka kusikia habari ya kuacha. Miaka sita binti yupo pale nyumbani, na Mwalimu hajawahi kuambiwa naye neno moja.

Akakohoa. Kanga iliyokuwa pembeni ya migomba haikusogea. Akakohoa tena, safari hii mpaka kifua kikauma. Wapi! Binti amesimama tu.

"Siku hizi hata kusikia hawasikii," akanung'unika. Alingoja mpaka akachoka, akazunguka nyumba nzima na kuingia kwa mlango wa mbele, amefura.

Alikuwa na tonge la wali mkononi wazo lilipomjia. Dainess! Hajamwambia kitu, na hata akitaka hawezi. Isitoshe, kidato cha nne amemaliza.

"Mama Lugano, kesho jioni mimi nitakuwa kwa Hebroni. Mwambie mkweo atazame kwenye darubini, kisha kwenye karatasi hii aweke alama ndani ya duara kila anapoona kitu kigeni. Wewe usimdokeze lolote."

"Na mila je?"

"Mila inamkataza kunitazama mimi. Mwezi ni baba mkwe wake?"

Jumatano alikaa kwa Hebroni anakula ndizi za kuchemsha bila kujua zina ladha gani, huku Hebroni akiafiki kila alichosema na hata ambacho hakusema. Mwezi ulipoteremka nyuma ya migomba akaaga mbiombio. Njiani alijikwaa mara mbili, akazilaani kuni za watu. Tusekile alimpa karatasi iliyokunjwa, akaondoka zake. Hakuuliza habari ya tangawizi.

Duara lilikuwa tupu. Chini yake paliandikwa kwa herufi kubwakubwa, kama za darasa la kwanza:

"Baba, shikamoo. Nimetazama tangu ulipotoka. Nimeona milima na mashimo, ni mazuri mno. Kitu kigeni sijaona hata kimoja. Nisamehe, baba. Tangu tulipovuna mpunga unazikoholea kanga zangu nilizoanika kambani. Mimi mwenyewe nikipita mbele yako hukohoi. Nimekuwa nikijificha kwa niaba yetu wote wawili. Nimeandika kubwa ili usome bila kumwita mtu."

Mwalimu alikasirika. Alikasirika sana, akataka kuichana ile karatasi. Kisha akaisogeza kwenye taa, akaisoma tena, na akagundua kwamba ni maandishi ya kwanza aliyoyasoma bila kuhangaika tangu mavuno. Iliuma. Iliuma zaidi kwa sababu wiki nzima alikuwa akiomba mtu mmoja tu amwambie kweli, na sasa ameambiwa.

Akachukua simu, akamwandikia Marcel: "Shahidi wa pili amepatikana. Taa haipo. Jina langu futa kwenye orodha ya watazamaji. Andika la Dainess."

Alhamisi asubuhi alivaa koti la kanisani kwa safari ya Ipinda. Darubini aliiacha uani makusudi, kifuniko amekiweka juu ya kigoda. Alipofika karibu na migomba akaona rangi ya kanga, nyekundu na njano, akasimama. Ni yeye, au ni nguo tu kambani? Hakujua, na safari hii hakujidai anajua. Akakohoa, akaangalia pembeni kama mila inavyotaka.

"Ndaga fijo," akaishukuru ile kanga kwa Kinyakyusa, akijiona mjinga kabisa.

Kwenye kona ya jicho lake, kanga ikapiga magoti.