Glasi Namba Tisa

Mimi Anselme Perrachon nimelima mizabibu hapa Vaucrenel miaka arobaini na mbili, na mdomo wangu huu, ambao watu wanauogopa kuliko mvua ya mawe, ndio ulioniponza.

Kila Machi waonjaji watano tunafungiwa kwenye ukumbi wa kijiji. Simu zinawekwa kapuni, mlango unapigwa kitasa, chupa zinavalishwa soksi ili tusijue ni za nani. Watatu wakikataa, divai hiyo haibebi jina la Vaucrenel. Inaandikwa "Divai ya Ufaransa", basi, kama mtu asiye na kwao.

Mwaka huu binti yangu Solenne aliingiza divai yake ya kwanza. Aliitengeneza peke yake, hata kunusa hakuniruhusu. "Utaonja siku watakayoonja wenzako, baba. Sitaki kuambiwa nimebebwa." Na alishaapa: jina likikataliwa, anarudi Lyon kwenye kazi yake ya maabara. Akienda, shamba namwachia nani? Kunguru?

Siku ya kuonja, glasi namba nne ilikuwa laini, nzuri, kama divai yangu kabisa. Nikajua tu: ndiyo hii, damu haipotei. Nikaipa alama za juu, moyo ukatulia. Basi zilizofuata nikazikata bila huruma. Namba tisa ilikuwa kali, ya ajabu. Nikaandika kwa wino: "Haifanani na ardhi yetu." Nikatia sahihi.

Nikaitema ndooni, nikala kipande cha mkate, kisha nikairudia kwa mazoea tu. Ilikuwa imepata joto mkononi. Lo! Nyuma ya ule ukali nikakuta kile kipande cha mteremko nyuma ya makaburi, udongo ambao nimeuchimba mpaka mgongo ukapinda. Hakuna mwingine mwenye mizabibu pale.

Nikainua mkono. "Bwana mwenyekiti, namba tisa nimekosea."

Fernand Truchot, jirani yangu na mwonjaji mwenzangu, akacheka mpaka akakohoa. "Mzee Anselme! Mwaka jana nani aliyesema kalamu ikishaandika imeandika?"

"Fernand, nakuomba."

"Na mimi nilikuomba. Divai yangu ilikataliwa kwa kura yako, na mwenzetu Bertille alipotaka kubadilisha kura yake ukampigia kelele. Sheria ni msumeno, ndugu yangu. Inakata mbele, inakata nyuma."

Mwenyekiti akaniuliza, "Una sababu?"

Ningesema nini? Kwamba nimeitambua ya mwanangu? Hapo wangeitupa nje papo hapo, na mimi pamoja nayo. Nikatazama mlango, nikatazama kitasa. "Sina," nikasema. Fernand akanikazia macho, kisha akaitazama ile glasi, na nikaona amenielewa. Zilibaki glasi saba. Nilikaa pale nikizionja zote, na sikumbuki hata moja.

Barua ilifika Jumanne. Solenne aliisoma amesimama jikoni.

"Watatu wamekataa, wawili wamekubali." Halafu akayasoma maneno yangu, moja moja. "Haifanani na ardhi yetu! Mtu mwenye roho hii anakula, analala?"

Nilikuwa namenya kiazi. Niliendelea kumenya.

"Baba, wewe ulikuwa kwenye wale wawili, siyo?"

Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe, nilisema kwa sauti kubwa.

Akanishika mabega akaanza kulia. "Basi siendi popote. Nitaiuza hivyo hivyo, bila jina. Wewe umeniamini, inanitosha."

Nilichokitaka nimekipata: Solenne yupo, shamba lina mwenyewe. Jioni ananimiminia ile divai, ananiuliza nasikia ladha gani, nami nameza. Na kila asubuhi Fernand akipita na trekta yake, anapunguza mwendo mbele ya nyumba yetu, na mimi natoka mbio ili nifike getini kabla ya Solenne.