Mguu wa Baba Mkwe

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nane Februari, mwaka wa 2003, waziri alipofika kijijini Mutuini kutazama mifupa ya wapiganaji wa Mau Mau ikifukuliwa.

Hadi asubuhi ile wachimbaji walikuwa wamefanya kazi ya heshima. Kila mpiganaji alilazwa peke yake juu ya majani ya mgomba. Mzee Mbuthia alimtambua baba mkwe wake kwa mguu wa kushoto, uliovunjika ujanani ukaunga kombo. Akamfunika kwa kitambaa cha kichwa cha marehemu mkewe, Njambi, aliyemwachia neno moja kabla ya kufa: "Ukimpata baba, mlaze kando yangu."

Waziri akaja akinukia marashi, na wapiga picha nyuma yake. Jeneza lilikuwa moja tu.

"Wamwageni wote humo," msaidizi wake akaamuru. "Mashujaa ni ndugu."

"Huyo ni mtu wangu!" Mbuthia akapaza sauti. "Hizo si kuni!"

"Tulia, guka, babu yetu. Leo utaonekana kwa televisheni," msaidizi akamjibu.

Wachimbaji wakawazoa kwa sepetu kama samadi. Waziri akapiga saluti, akatema mate shimoni, akaenda kula mbuzi choma. Kitambaa kikabaki kimekanyagwa matopeni.

Hadi leo jeneza limefungiwa katika stoo ya ofisi moja ya serikali, mtaani Hurlingham mjini. Mbuthia huenda huko na kitambaa alichokiokota kikiwa mfukoni, na yeye humuuliza kila bwana mkubwa anayemkuta nyuma ya meza swali lile lile:

"Mguu wake naujua. Kichwa chake ni kipi?"