Saa za Bahari

Mwaka 1970 ofisi ya elimu iliamua kwamba watoto wa Likasi wajifunze bahari. Shaba yao ilisafiri kwa treni, kisha kwa boti mtoni, kisha kwa treni tena mpaka Matadi, ikapakiwa melini na kutoweka. Basi ikaonekana ni aibu mtoto wa mfanyakazi asijue jasho la baba yake linakwenda wapi. Walimu watatu wakateuliwa kuandika kijitabu cha masomo kumi. Kati yao hakuna aliyewahi kuona maji makubwa kuliko yale ya bwawa la umeme la Mwadingusha, lakini ofisi haikuuliza nani ameona nini.

Mkubwa wao alikuwa Adrien, mwalimu mkuu, mtu wa kuvaa tai hata jua likiwaka vipi. Wa pili Zéphirin, kijana wa hesabu, anayecheka kabla hujamaliza kusema. Wa tatu Delphine, mwalimu wa darasa la tano. Somo la maji kupwa na kujaa alipewa yeye, bila majadiliano.

"Madame, weye iko na bwana kule ku mer," alisema Adrien. "Shiye tutauliza nani?"

Delphine akaitikia kwa kichwa. Kweli alikuwa na mume huko baharini. Miaka miwili nyuma Séraphin aliacha karakana ya kiwanda akaenda Banana, mto unakoishia baharini, kutengeneza injini za boti la kuchota mchanga ili meli zipite. Alisema akipata nyumba tu atamwita mkewe. Mwanzoni aliandika kila mwezi. Kisha ikawa kila baada ya miezi miwili, kisha minne, na sasa mwezi wa tisa tangu barua ya mwisho ulikuwa unakwisha bila hata kadi. Hayo Delphine hakumwambia mtu. Mtaani Kikula walimwita mke wa baharia, naye akaliacha jina limkae.

Kamati ilikutana baada ya masomo, kuanzia saa sita na nusu, na ilikuwa na desturi moja ya ajabu. King'ora cha kiwanda kikilia saa nane, zamu ya asubuhi inapotoka, Delphine alisimama, akakusanya karatasi, akaenda nyumbani kuteleka maji ya bukari, yaani ugali. Alifanya hivyo miaka kumi na moja, ili Séraphin akifika akute sahani inafuka moshi. Mume alikwenda zake, king'ora kikabaki, na miguu ya Delphine iliendelea kukitii. Wenzake walidhani ana wageni wengi. Ukweli ni kwamba alikula peke yake, akiitazama sahani ya pili iliyofunikwa.

Somo aliliandika vizuri, kwa mwandiko wa kupendeza. Kitabu chake cha jiografia cha zamani kilisema tu kwamba bahari hujaa mara mbili kwa siku na kupwa mara mbili. Saa hakikutaja. Saa akazitia yeye mwenyewe: maji hujaa saa kumi na mbili asubuhi, hupwa saa sita mchana, hujaa tena saa kumi na mbili jioni, hupwa saa sita usiku, leo, kesho na siku zote. Wala msimlaumu. Katika mji ambao mtu anaamka, anakula na kulala kwa king'ora, nani atafikiri kwamba kitu kikubwa kama bahari kinafanya kazi bila ratiba?

"Ile iko bien," Zéphirin alisema, akicheka. "Bahari nayo inafanya poste, kama zamu ya kiwanda!"

"Nitatuma kwa bwana yangu aangalie mbele ya kuchapa," Delphine akajibu.

Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake. Barua ya mke mtu anaweza kuikalia mwaka mzima. Kazi ya shule yenye mhuri wa mwalimu mkuu lazima ijibiwe. Ndivyo alivyojiambia. Na akijibu kuhusu bahari, hawezi kukosa kuongeza mstari mmoja chini, nyumba imepatikana, njoo. Mstari huo mmoja tu ndio aliokuwa akiutaka.

Wiki saba baadaye bahasha ikaja, nene. Aliifungua pale pale posta, amesimama.

Ndani zilikuwa karatasi zake mwenyewe, zimesahihishwa kwa wino mwekundu. Mwandiko ulikuwa safi, wa duara, mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika ubaoni. Haukuwa wa Séraphin. Na chini kulikuwa na maneno ya Kifaransa, ya upole kabisa:

"Mwalimu mwenzangu, mume wangu alinipa karatasi hizi, akaniambia ni za dada yake wa Likasi. Somo ni zuri, ila bahari haina saa. Kila siku maji huchelewa, karibu dakika hamsini. Ukingoja wiki moja, yale uliyoandika kwamba yamejaa asubuhi, utayakuta yamejaa saa sita mchana. Sisi wa hapa tunatazama mwezi. Karibu siku moja uone mwenyewe, nyumba yetu ina nafasi. Wifi yako, Julie, mwalimu, Banana."

Delphine alisoma mara tatu. Alitafuta mwandiko wa Séraphin mbele na nyuma, hata ndani ya bahasha. Hakuna. Aliumia, aliumia sana, na kilichomuumiza zaidi ni kwamba hakuweza kumchukia yule mwanamke. Alikuwa amesahihisha vizuri.

Kesho yake kwenye kamati angeweza kunyamaza. Saa zile za uongo zingechapwa, hakuna mtoto wa Likasi ambaye angegundua, na Kikula wangeendelea kumwita mke wa baharia. Lakini alichukua kalamu, akafuta jedwali lote la saa.

"Bwana anasema nini?" Adrien aliuliza.

"Nilikosea. Bahari haina sirene ya kiwanda. Kila siku inachelewa kidogo, kisha inachelewa tena."

Zéphirin safari hii hakucheka. Adrien alikuwa tayari kwenye ukurasa wa shukrani. "Basi minye naandika: tunamushukuru Monsieur Séraphin..."

"Hapana. Andika Madame Julie, mwalimu wa Banana. Ni yeye alisahihisha."

"Ule ni nani?"

Delphine akakunja zile karatasi zenye wino mwekundu, akaziweka mkobani.

"Ni bibi ya kaka yangu."

Adrien akaandika. Hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi, maana kila mtu ana kaka mahali fulani. Ndipo king'ora kikalia, kirefu, kikapita juu ya paa la shule. Zéphirin, kwa mazoea, akamsogezea mkoba.

"Madame, saa nane. Bukari."

Delphine hakusimama. Alivuta somo linalofuata, la tano, akalifungua.

"Tuendelee," akasema. "Hakuna muntu ku nyumba."