Chokoleti za Profesa Ognyan

Profesa Ognyan aliingia maabara na boksi la chokoleti, akaanza kulipitisha meza kwa meza. Katika mji wa Sofia, mwenye furaha ndiye anayewalisha wenzake kazini, nao humtakia heri kwanza, maswali baadaye. Zlatina, mkewe aliyeishi naye miaka thelathini, aliacha nzi wake wa matunda chini ya darubini, akachukua moja, akaitia mdomoni.

"Heri na baraka, mume wangu. Kitabu chako kimepata tuzo?"

"Nimepata mtoto wa kiume," alisema Ognyan, macho kwenye boksi. "Na Desislava."

Desislava, mwanafunzi wake! Kumbe zile safari za kwenda mji wa Varna kuandika zilikuwa za kuonana naye. Mwoga yule alichagua kulisema mbele za watu, akijua mkewe si mtu wa kupiga kelele kazini.

Hicho kitabu kilimpa Ognyan jina kwa sentensi moja: binadamu si nzi, jeni hazimpangii maana ya maisha yake. Aliyeigharamia sentensi hiyo ni Zlatina. Baba na kaka wa Ognyan waliuawa na ugonjwa wa kurithi, ule unaotikisa viungo mpaka akili nayo inaondoka, basi Ognyan akaapa kutozaa. "Kazi ndiyo mtoto wetu," alimwambia. Zlatina akameza machungu, akakubali. Wanawake waliomjia wakilia kwa kukosa mtoto aliwafariji kwa maneno yayo hayo, na aliyaamini.

"Na ule ugonjwa?" aliuliza Zlatina. "Umekwenda kumrithisha kiumbe wa watu?"

"Sina. Nilipimwa."

"Lini?"

"Zamani. Mwaka ule tulipohama nyumba."

"Nilikuwa na miaka thelathini na sita, Ognyan!"

"Ebo!" Vesela, mpika chakula cha nzi, aliweka sufuria chini kwa kishindo. "Profesa, huna hata haya? Na chokoleti unatugawia!"

"Wewe Vesela, haya hayakuhusu. Zlatina, tusivunjiane heshima. Ni maumbile tu. Mwanamume akifika umri fulani, damu inadai."

"Leo damu inadai," alisema Zlatina. "Siku zote hizo ilikuwa imelala? Kwa nini hukuniambia?"

Ognyan alipandisha mabega. "Nilikuona umeshazoea."

Hapo ndipo moyo ulipomchoma Zlatina kweli. La Desislava angeweza kulisamehe siku moja, pengine. Lakini mtu huyu alikuwa amekula naye supu meza moja miaka yote hiyo, akimtazama anavyozeeka, na jibu la kipimo analo mfukoni.

Zlatina alivua koti jeupe, akalitundika.

"Kitabu chako kifute chote ukitaka, ila ile sentensi iache, ni ya kweli," alimwambia. "Jeni hazikunipangia mimi kukosa mtoto. Ulinipangia wewe."