Sikio Lenye Matundu Mawili

Kitendawili. Hajui kusoma, lakini jina la mwenyewe amelivaa sikioni. Umeshindwa? Ni ng'ombe wa siku hizi, mwenye hereni ya namba.

Hizo hereni, mjukuu wangu Tabitha ndiye alikuwa akizivalisha pale mnadani, na kuandika namba na mwenye ng'ombe. Kazi nzuri, mpaka Thadeo, mchuuzi wa ng'ombe, alipomfuata nyumbani mchana, panga amelifunga kwenye gazeti. Hakugomba. Alikunywa togwa yetu, akawataja watoto wawili wa Tabitha kwa majina, akataja na njia wanayopita kwenda shule. Kisha akasema ana ng'ombe wake wanataka hereni mpya.

Tabitha akawavalisha. Baadaye akanisimulia. Nikamwambia aende polisi, akasema Thadeo alishamwonya: akikanyaga kule, watoto hawatafika shule.

Jumatano iliyofuata mzee Nchagwa wa Nyanungu alitembea tangu alfajiri kumtafuta ng'ombe wake aliyeibwa. Akamkuta mnadani, katika kundi la Thadeo, likisubiri lori la kwenda Sirari, mpakani. Akamwita kwa jina, ng'ombe akaja akamlamba mkono. Thadeo akacheka, akasema hata yeye akishika chumvi atalambwa, na mzee akiendelea kudai mali ya watu atalala mahabusu. Akaonyesha hereni. Bwana mifugo akafungua daftari: namba ni ya Thadeo.

Watu wakaanza kumzomea mzee. Yeye akashika sikio la ng'ombe, akapitisha kidole kwenye tundu la zamani. Pembeni yake lilikuwepo jipya, lenye hereni, bado linatoa maji.

"Mimi nilimtoboa mara moja," akasema, akimtazama Tabitha. "Hili la pili nani katoboa?"

Tabitha akainamia viatu vyake. Thadeo naye akasogea, akasimama karibu naye.

Mimi nauza uji pale. Nikajaza kikombe, nikampelekea Tabitha, nikamnong'oneza jambo nililokuwa sijapata nafasi ya kumwambia: asubuhi nilipita shuleni, nikawapandisha watoto gari na shangazi yao. Sasa hivi wako Serengeti, kwa mjomba wao Amos. Hapa tumebaki mimi na yeye.

Akanywa funda moja, akanirudishia kikombe.

"Ni mimi, babu," akamwambia mzee Nchagwa, mnada wote ukisikia. "Huyu Thadeo alikuja kwangu na panga."