Ng'ombe wa Nyuma ya Vichaka

Enos alikuwa amechoka mpaka kope zinamuuma. Tangu homa ya mapafu ianze kuua ng'ombe, kazi yake katika ghala la chanjo pale Musoma ilikuwa kuilisha modeli ya kompyuta idadi ya mifugo ya kila kijiji, nayo inampangia gari lipite wapi na lishushe chanjo ngapi. Chanjo zenyewe zilikuwa za kugombania. Modeli haikukosea hesabu, watu ndio walioidanganya. Huku kwao nani anamtajia mgeni ng'ombe wake wote? Utajiitia kodi na kijicho kwa pamoja.

Leo gari lilikuwa kijijini kwao, nje kidogo ya Bunda. Baba yake, Mzee Mayala, alikuwa ameandikisha ng'ombe kumi na wawili. Enos aliwachunga tangu utotoni, alijua wanapita arobaini. Ofisini aliiona namba ile, akaguna, akaiacha ipite. Angemuumbuaje mzee wake?

Wale kumi na wawili walipochanjwa, Mzee alipiga mluzi, na kundi jingine likatokea nyuma ya vichaka. Majirani walitazama pembeni, maana nao walikuwa na vichaka vyao.

"Chanjo zako zimeisha, baba," Enos alisema.

Mzee akachungulia kwenye boksi la barafu. "Na hizo?"

"Za Butiama, tunakokwenda sasa. Wale walisema ukweli."

Mzee akamsogelea, akashusha sauti. "Enos, tulikuwaga tunauza ng'ombe kila ukirudi shule. Hizi ng'ombe ndiyo zimekusomesha hiyo kompyuta. Leo zife unaangalia?"

Maneno yalimchoma. Alimwonea baba yake huruma, na papo hapo alimkasirikia. Kumpa ilikuwa rahisi, hakuna ambaye angemshtaki. Lakini Butiama watu walikuwa wameshafunga ng'ombe wao, wanasubiri. Alifunga boksi.

"Ni wangapi, baba? Niambie, niijaze idadi kwenye modeli leo, awamu ijayo wapate."

Mzee akawatazama majirani mmoja mmoja.

"Ng'ombe hazihesabiwagi mbele za watu," alisema.

Akawaswaga wote pamoja, waliochanjwa na wasiochanjwa, kuelekea zizi moja. Enos alimwambia dereva waondoke. Alijua homa haitasubiri, na awamu ijayo itakuwa na ng'ombe wachache wa kuficha.