Tabasamu la Duka la Viatu

Wifi yangu hamwamini mtu. Tangu aachane na mumewe akaja kukaa kwetu, anaishi humu ndani kama mpelelezi: anajua sabuni imepungua lini, nani kafungua friji, na jirani wa juu kagombana na mkewe kwa sababu gani. Mume wangu, ambaye ni kaka yake, humwita Kamera na kucheka. Mimi nami nilikuwa nacheka, mpaka nilipokuwa na jambo la kuficha.

Jambo lenyewe lilianza mtoto wetu wa mwisho alipoingia shule, nikabaki nyumbani asubuhi nzima mikono mitupu. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Si mchoyo, lakini kila nikimwomba hela anauliza "ya nini?", hata kama ni ya chumvi, nami nilikuwa nimechoka kuulizwa ya nini. Rafiki yangu mmoja, msusi, akanidokezea kazi ya mteja wa siri. Unaingia dukani kama mnunuzi wa kawaida, unanunua kitu kidogo, unaangalia umehudumiwa vipi, halafu unajibu maswali kwenye simu. Muuzaji alikusalimu? Alitabasamu? Alikupa risiti bila kuombwa? Ni ndiyo au hapana, hakuna nafasi ya kueleza. Mwenye duka ndiye anayelipia haya yote, na muuzaji hajui kwamba anapimwa. Sharti kubwa lilikuwa moja: usimwambie mtu, hata wa nyumbani kwako.

Sikuiamini kazi ile tangu mwanzo. Wakala anayetugawia kazi hana ofisi. Msimamizi wetu sijawahi kumwona. Alikuwa ujumbe tu kwenye simu, na kila ujumbe ulianza na "mpendwa". Mpendwa, hongera. Mpendwa, ripoti yako imekataliwa kwa sababu picha ya risiti ina kivuli. Unatoa nauli yako, unanunua kwa pesa yako, halafu unakaa kusubiri urudishiwe. Wakikurudishia, ukitoa nauli, kinachobaki kinatosha mkate. Wakikataa, basi umetoa sadaka. Kila wiki nilijiambia naacha, na kila wiki simu ikilia nilikuwa naacha vyombo kwenye maji na kuikimbilia. Ulikuwa mkate wangu, na hakuna aliyeniuliza wa nini.

Kuna binti alikuwa akiuza kwenye duka moja la keki nililopangiwa. Nilimpa hapana mbili: hakutabasamu, na hakusema karibu tena. Ilikuwa kweli, hakusema. Alikuwa na mafua, pua imemwiva, macho yanamtoka machozi, lakini fomu haikuuliza habari za mafua. Nilipopita tena baada ya muda nilimkuta binti mwingine, naye alisema karibu tena kwa sauti ya mtu aliyeshikiwa fimbo. Labda yule wa kwanza aliacha mwenyewe. Labda aliolewa, labda alihama. Nilijitungia labda nyingi, kisha nikaacha kupita njia ile.

Nyumbani vitu vikaanza kunisaliti. Kufuli ambalo halina mlango wa kufunga. Mafuta ya midomo ya aina nisiyopaka. Tochi ndogo. Mume wangu akauliza ya nini, nikamjibu ovyo ovyo. Wifi hakuuliza chochote. Alilichukua lile kufuli, akaligeuza huku na huku, akalirudisha pale pale alipolikuta. Ukimya ule ulinitisha kuliko maswali ya kaka yake.

Yeye mwenyewe anauza viatu kwenye duka kubwa la mjini, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inamtoa kwetu. Alikuwa amepata chumba cha kupanga, akaahidiwa ufunguo mwisho wa mwezi. Mapazia alishanunua, yamo kwenye mfuko chini ya kitanda, na jioni nyingine huyatoa, akayakunjua mapajani na kuyatazama. Nisiseme uongo, hata mimi niliyatazama mapazia yale kwa hamu. Simchukii wifi yangu. Lakini nyumba ya vyumba viwili haiwezi kubeba macho mengi kiasi kile, hasa ukiwa na kitu cha kuficha.

Jioni moja alirudi akishika taya. Alikuwa ametabasamu tangu duka lilipofunguliwa mpaka lilipofungwa, hata kwa mtu aliyeingia kuuliza choo kiko wapi. Akatueleza kwamba mteja wa siri amekwisha kuwafelisha mara mbili, na mara zote mbili zamu ilikuwa yake. Meneja kamwambia ikitokea tena akusanye virago vyake. Na bila mshahara, chumba hakipo.

"Hivi hao watu wana mama zao kweli?" aliniuliza, miguu yake ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto. "Mtu anakuja kunikodolea macho, halafu ananimwagisha unga."

Nilikuwa nachambua mboga. Niliinama zaidi, nikasema labda nao wana shida zao. Akaniangalia mpaka maji yakaanza kupoa.

"Mbona unawatetea?"

Nikamwambia simtetei mtu, nikaenda jikoni.

Siku hiyo hiyo kabla ya kulala, simu ilitetemeka. Mpendwa, kuna kazi kesho mchana. Nilipofungua nikakuta ni duka la viatu, lile lile. Kwanza nilidhani ni mtego: labda Msimamizi ananijua zaidi ya ninavyomjua, labda wananipima mimi. Palikuwa na kisanduku cha kuweka alama: Sina ndugu anayefanya kazi katika duka hili. Na chini yake sharti jipya: mazungumzo yote yarekodiwe kwa simu, tangu kuingia mpaka kutoka.

Nilijishauri gizani huku mume wangu akikoroma. Nikikataa, ataichukua mwingine, mtu asiyemjua Wifi wala mapazia yake. Afadhali niende mimi. Ataniona, atafurahi, nitanunua ndala za bei nafuu, nitajibu ndiyo kila mahali, na hatajua milele. Kuhusu sauti, nilijiambia watasikia nini zaidi ya mtu na wifi yake wakiongea habari za ndala? Nikaweka alama kwenye kisanduku. Nilijiona mjanja kweli.

Kesho yake niliingia dukani nikiwa nimewasha simu ndani ya pochi. Wifi alikuwa amesimama karibu na viatu vya mvua, amevaa sare na kibandiko cha jina kifuani. Aliponiona uso ukamkunjamana.

"Wewe, umefuata nini huku? Nyumbani kuna nini?"

Nikasema nataka ndala za kuogea. Akanishika kiwiko, akanivuta nyuma ya rafu, mdomo wake karibu kabisa na pochi yangu.

"Ndala zipo mpaka kwenye kiduka cha pale kwetu. Leo usinisimamie hapa, Wifi. Yule mtu yumo humu ndani, nimemnusa. Muone yule mama wa mkoba wa bluu, kajaribu viatu vyote hajauliza bei hata ya kimoja. Na yule meneja mnafiki anajifanya hajui, kazi yake kutuchoma tu kwa bosi. Nenda. Nikikuhudumia wewe, yule ananiandika."

Nilijaribu kusema ninunue kwanza. Akanisukuma begani, polepole lakini kwa nia.

"Toka, nakwambia."

Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa hilo. Tabasamu ni la wateja, na mimi si mteja wake. Mimi ni mtu wa kwao, wa kufokewa na kusukumwa. Nikabaki pale nyuma ya rafu, nikamtazama akigeuka kumwelekea yule mama, na uso wake ukabadilika hapo hapo. Ukawa laini, ukang'aa. Miaka yote tuliyokaa naye nilikuwa sijawahi kuuona uso ule. Alipiga magoti, akamvisha kiatu, akamsifia mguu. Mwishowe yule mama alishukuru, akasema alikuwa anapoteza muda tu akisubiri zamu yake kwa daktari wa meno, akaondoka bila kununua hata kamba za viatu. Nililipia ndala zangu kwa mtunza fedha na kutoka bila kuaga.

Nyumbani nilisikiliza ile sauti nikiwa nimejifungia bafuni. Ilikuwa imeshika kila kitu, mpaka pumzi yake. Hakuna salamu, hakuna msaada, mteja kafukuzwa, na meneja katukanwa juu yake. Ujumbe ukaingia: Mpendwa, tunasubiri sauti. Isipofika kabla ya ofisi kufungwa, kazi atapewa mwingine kesho. Ofisi ipi, sijui.

Nikiituma, Wifi kwisha. Nisipoituma, kesho anakuja mtu baki, na Wifi atakuwa amempigia magoti mama mwingine wa mkoba wakati mpimaji mwenyewe amesimama nyuma yake. Ilibaki njia moja tu, nayo ni kumwambia, yaani kujipeleka mwenyewe mbele ya Kamera. Niliogopa. Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa nikatafuta njia nyingine, sikuipata.

Aliporudi hakuvua hata viatu. Aliziona zile ndala mlangoni mwa bafu, akamgeukia kaka yake aliyekuwa anakunywa chai.

"Kaka, muulize mkeo anakwenda wapi mchana. Mtu hakati mji mzima kufuata ndala."

Mume wangu alishusha kikombe. Alinitazama, akalitazama lile kufuli juu ya kabati, akanitazama tena, na nilimjua vya kutosha kuona kwamba mawazo yake hayako kwenye viatu. Kabla hajafungua mdomo niliiweka simu mezani nikabonyeza.

Sauti ya Wifi ikajaa chumbani. Umefuata nini huku. Leo usinisimamie hapa. Alisikiliza akiwa wima mpaka ilipofika kwenye neno mnafiki, kisha akavuta kiti akakaa. Mume wangu alikuwa haelewi kitu. Nikawaeleza wote wawili, kuanzia kwa msusi mpaka kisanduku nilichowekea alama ya uongo.

"Kumbe ni wewe," alisema Wifi.

"Mara zile mbili si mimi. Duka lenu sijawahi kulipima kabla ya leo."

"Lakini umepima ya wenzangu."

"Nimepima."

Alifuta kitu kisichoonekana juu ya meza.

"Wanakulipa kiasi gani?"

Nilitamani kuongeza. Ningesema kiasi cha maana, angenichukia lakini angenielewa. Nikashindwa.

"Nikitoa nauli, kinabaki cha mkate."

"Mkate," alisema. Hakupandisha sauti. "Na mimi siku zote nilidhani anayenitoa kazini analipwa vizuri."

Niliifuta ile sauti mbele yake. Nikamwambia amsahau mwenye mkoba wa bluu, awasikilize wateja: atakayekuja kesho ameagizwa kuuliza kama kiatu kikilowa kitachuja rangi, maana wote tunapewa swali moja na hatuthubutu kulibadilisha. Nikamwandikia Msimamizi kwamba kazi sitaifanya tena, si hii wala nyingine. Akajibu papo hapo: Mpendwa, asante kwa ushirikiano wako. Hela ya ndala haijarudi mpaka leo.

Wifi alifaulu. Aliyeuliza lile swali alikuwa mzee mmoja mpole mwenye kofia, na anasema asingemshuku hata kidogo. Mwisho wa mwezi akachukua ufunguo wake, mume wangu akambebea kitanda, nami nikapata nyumba yangu. Nimerudi kuomba hela, na kaka mtu amerudi kuuliza ya nini. Sioni kama nilipoteza chochote kwa kuiacha ile kazi. Kilichopotea kilipotea kabla sijaiacha.

Wiki iliyopita nilimtembelea. Nilimpelekea seti ya glasi, nikagonga, akafungua. Mapazia yalikuwa yametundikwa, yanapendeza. Nilitegemea aniangalie mikononi, aniulize nimeacha nani na watoto, aseme glasi hizi nimezipata wapi na kwa hela gani. Badala yake akatabasamu. Lilikuwa lile lile la siku ile, la magotini.

"Karibu sana. Pita, ujisikie nyumbani."

Aliniletea maji kwenye sinia. Aliniuliza kama kiti kinanifaa, kama feni inanipiga vibaya, kama ningependa kitu kingine. Aliisifu nguo yangu. Hakufoka, hakukagua, hakuniuliza swali lolote la maana, na muda wote meno yalikuwa nje. Nilimwangalia usoni kama nilivyofundishwa kuangalia, mdomo kwanza, kisha macho. Kazi yangu ilikuwa kujua muuzaji ametabasamu au hakutabasamu, na wakati ule sikuona tena tofauti. Nilipoinuka alinisindikiza mpaka mlangoni.

"Asante kwa kuja," alisema. "Karibu tena."

Akafunga mlango taratibu. Nilisimama kwenye ngazi na pochi yangu, nikisubiri aufungue tena anivute kiwiko na kuniuliza nimefuata nini huku. Hakufungua.